Wapiganaji wa zamani na suala la makazi: nchi jirani zimefanya nini?

Vita vinapokwisha, jambo la kwanza linaloulizwa ni nani ameshika madaraka. Jambo la pili, ambalo huchukua miaka mingi zaidi kupatiwa jibu, ni wapi watalala wale waliovipigana. Katika kipindi cha zaidi ya miaka 60 iliyopita, karibu kila nchi inayopakana na Tanzania imelazimika kuwaondoa jeshini au msituni maelfu ya watu na kuwarudisha katika maisha ya kiraia. Wengi walifika kwao. Wengine walifika na kukuta hakuna tena kwao.

Makala haya yanaeleza jinsi Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Msumbiji na Kenya zilivyoshughulikia makazi ya wapiganaji wa zamani, ni huduma gani ziliambatana na makazi hayo, na kwa nini baadhi ya mipango ilifanikiwa huku mingine ikiacha watu wakitangatanga.

Asiye na makazi ni nani?

Katika miji ya Ulaya na Amerika, neno hili huleta picha ya mtu anayelala barabarani. Katika eneo letu hali hiyo ipo, lakini si sura yake ya kawaida. Askari wa zamani asiye na makazi mara nyingi ana paa juu ya kichwa chake, ila paa hilo si lake na hana hakika nalo. Anaishi kwa kaka yake kama mgeni asiyejua siku ya kuondoka. Amepanga chumba kimoja mjini pamoja na mke na watoto, na kodi ikichelewa hutolewa nje. Amejenga kibanda katika ardhi ya mtu mwingine au ya serikali. Au amebaki karibu na kambi aliyoachia, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee anayofahamika.

Kwa hiyo, kumpatia mpiganaji wa zamani makazi ya kudumu kuna mambo matatu ndani yake: mahali pa kujenga, uwezo wa kujenga, na haki ya kutofukuzwa. Mipango mingi imeshughulikia jambo la pili. Jambo la kwanza na la tatu ndiyo yaliyoleta matatizo.

Kwa nini askari hukosa pa kurudi?

Sababu ya kwanza ni muda. Kijana aliyeingia vitani akiwa na miaka 15 na kutoka akiwa na miaka 30 hakuwepo baba yake alipogawa shamba. Katika jamii nyingi za ukanda huu ardhi hurithiwa kwa upande wa baba, na mgawanyo hufanyika wakati mzee angali hai au muda mfupi baada ya kifo chake. Asiyekuwepo husahaulika, au sehemu yake hushikwa na ndugu aliyebaki ambaye naye ana watoto wa kulisha.

Sababu ya pili ni mambo aliyoyatenda, au yanayodhaniwa kuwa aliyatenda. Jirani aliyechomewa nyumba hapendi kumwona aliyekuwa upande wa waliochoma akirudi na mabati mapya aliyopewa na serikali. Kijiji kinaweza kumkataa mtu bila kutamka neno: hakopeshwi jembe, haalikwi msibani, watoto wake hawachezi na wenzao. Hatimaye huondoka mwenyewe.

Sababu ya tatu ni mwili na akili. Aliyepoteza miguu hawezi kuishi katika nyumba iliyo mlimani isiyo na njia. Aliyepatwa na kiwewe huamka usiku akipiga kelele, huwa mkali, hunywa pombe kupita kiasi, na ndoa huvunjika. Nyumba inayotolewa bila tiba huweza kuuzwa au kutelekezwa kabla ya mwaka kwisha.

Uganda: mabati, majembe na ofisi ya wilaya

Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza katika eneo hili kupunguza jeshi kwa mpango maalumu. Jeshi la National Resistance Army lililoingia Kampala Januari 1986 lilikuwa limekua, na kufikia mwaka 1992 lilikadiriwa kuwa na askari wapatao 90,000. Kati ya mwisho wa 1992 na mwaka 1996 zaidi ya askari 36,000 waliondolewa kwa awamu tatu, chini ya bodi iliyoundwa kwa ajili hiyo na kwa msaada wa Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine.

Kabla ya kuachiwa, askari na wake zao walipewa mafunzo mafupi: jinsi ya kufungua akaunti ya benki, jinsi ya kujikinga na Ukimwi, haki zao kisheria, na namna ya kuishi na majirani. Kisha walisafirishwa hadi wilaya waliyoichagua. Kifurushi chao kilijumuisha fedha na vitu, yakiwemo mabati ya kuezekea, majembe na mbegu, pamoja na msaada wa karo za watoto. Ofisi za mpango zilifunguliwa wilayani ili mtu apate pa kuuliza baada ya gari la jeshi kuondoka.

Mantiki yake ilikuwa rahisi. Serikali haikujenga nyumba. Ilitoa sehemu ya nyumba ambayo mwanakijiji hawezi kuipata kwa nguvu zake, yaani paa. Kuta zingejengwa kwa udongo, miti na mikono ya ndugu. Kwa aliyekuwa na shamba la ukoo, hesabu hii ilitimia. Kwa asiyekuwa na ardhi, mabati yaligeuka kuwa bidhaa ya kuuza.

Walioathirika zaidi walikuwa wanawake. Mke aliyeolewa na askari kutoka kabila jingine, kisha akaachwa au kufiwa, hakuwa na haki kwa ukoo wa mumewe wala nafasi katika ukoo wa baba yake. Mwanamke aliyekuwa askari mwenyewe alikutana na tatizo hilohilo: alikuwa na cheti cha utumishi, lakini mila haikumpa kiwanja.

Kaskazini mwa nchi, historia ilichukua mkondo mwingine. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwaruhusu waasi kujisalimisha bila kushtakiwa, na zaidi ya watu 26,000 wakapewa msamaha, karibu nusu yao wakitoka kundi la Lord's Resistance Army. Aliyerudi alipewa shilingi 263,000 za Uganda na vifaa vya kuanzia maisha kama godoro, sufuria, majembe na mbegu. Mjini Gulu, vituo vya mapokezi kama kile cha shirika la GUSCO, lililoanzishwa mwaka 1994, viliwapokea watoto waliotekwa, vikawatibu, vikawatafutia ndugu na kuwasindikiza hadi nyumbani.

Hata hivyo, wasichana waliorudi na watoto waliozaliwa utekwani walikabiliwa na swali gumu kuliko yote: mtoto asiye na ukoo wa baba unaojulikana atarithi ardhi ya nani? Wengi waliishia kupanga vyumba mjini Gulu, mahali ambapo hakuna anayeuliza ukoo, ila kodi hulipwa kila mwezi.

Rwanda: nyumba kwa walemavu wa vita

Tume ya Rwanda ya kuwaondoa wapiganaji jeshini na kuwarudisha katika jamii iliundwa mwaka 1997. Ilikuwa na kazi isiyo ya kawaida: kuwahudumia kwa pamoja watu waliokuwa maadui. Waliopitia mikononi mwake walikuwa askari wa jeshi lililoshinda vita vya mwaka 1994, askari wa jeshi lililoshindwa, na wapiganaji wa makundi yenye silaha waliorejea kutoka Kongo. Hao wa mwisho hupokelewa katika kambi ya Mutobo, wilayani Musanze, ambako hupewa elimu ya uraia, hupimwa afya na kupatiwa vitambulisho kabla ya kwenda makwao.

Msaada wa Rwanda uligawanywa katika ngazi. Kwanza palikuwa na kifurushi cha mahitaji ya awali. Pili, ruzuku ya kuanzisha shughuli ya kipato, ambayo ilitolewa baada ya mtu kuwa amekwisha kukaa kijijini kwa muda na kueleza anachotaka kufanya. Tatu, palikuwa na msaada wa ziada kwa wale ambao hata baada ya hatua hizo mbili walionekana kubaki nyuma: wagonjwa, wajane, wasio na ardhi, na walemavu.

Kwa walemavu Rwanda ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya Januari 2007 kuhusu ulinzi wa wapiganaji wa zamani waliopata ulemavu vitani iliwaweka katika makundi kulingana na uzito wa ulemavu, baada ya kuchunguzwa na madaktari. Sheria hiyo inagusa matibabu, posho na makazi. Kwa wale wenye ulemavu mkubwa kabisa nyumba zilijengwa katika makundi, wilaya mbalimbali, badala ya kila mmoja kujengewa peke yake mlimani kwao. Karibu na makazi ya namna hiyo vilianzishwa pia viwanda vidogo vya pamoja, ambamo wapiganaji wa zamani na raia wa kawaida wenye ulemavu hufanya kazi na kupata huduma za utengamao.

Kuwakusanya pamoja kuna faida iliyo wazi. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu huhitaji mlango mpana, njia iliyosawazishwa na choo anachoweza kukitumia, na ni rahisi kumfikishia daktari na maji akiwa karibu na wenzake. Aidha, mwenzake anaelewa asichoweza kumweleza jirani. Lakini kuna gharama pia. Kijiji cha askari walemavu kinaweza kugeuka kuwa kisiwa, na watu wake wakaendelea kuitwa askari miaka mingi baada ya kuvua sare. Ndiyo maana kuwachanganya na raia katika viwanda vile kuna uzito uleule kama wa nyumba zenyewe.

Burundi: ardhi ndogo, wanaorudi wengi

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliweka msingi wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi. Uondoaji wa wapiganaji ulianza mwishoni mwa mwaka 2004, baada ya kundi kubwa la CNDD-FDD kusaini makubaliano ya amani mwaka 2003. Kundi la mwisho, FNL, liliweka silaha chini mwaka 2009. Zaidi ya watu 20,000 walipitia mpango huo. Walilipwa posho kwa awamu kadhaa, si kwa mkupuo, kisha wakapewa msaada wa vitu kwa ajili ya biashara ndogo, kilimo au ufundi.

Ugumu wa Burundi haukuwa katika posho. Ulikuwa katika ardhi. Katika kipindi hichohicho zaidi ya wakimbizi 500,000 walirejea, wengi wao kutoka Tanzania, na baadhi yao walikuwa wameondoka tangu mwaka 1972. Mashamba yao yalikuwa yamelimwa na wengine kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2006 serikali iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine kusuluhisha migogoro hiyo, na kwa waliokosa kabisa pa kwenda vilijengwa vijiji vipya, hasa katika mikoa ya kusini.

Mpiganaji wa zamani aliyerudi wakati huo alijikuta katika foleni moja na mkimbizi aliyerudi, mjane na kijana aliyekuwa hajawahi kuondoka. Kila mmoja alikuwa na dai la haki. Hapa ndipo linapoonekana jambo ambalo wapangaji wa amani hulisahau: katika nchi yenye watu wengi na mashamba madogo, kumpa askari ardhi maana yake ni kumwambia mtu mwingine asubiri.

Kongo: dola 25 kwa mwezi

Tume ya kuwaondoa wapiganaji jeshini nchini Kongo, CONADER, iliundwa mwishoni mwa mwaka 2003. Kila mpiganaji aliyekusanywa alipewa nafasi ya kuchagua: ajiunge na jeshi jipya la taifa au arudi uraiani. Zaidi ya watu wazima 100,000 walichagua uraia, na watoto wapatao 30,000 walitolewa katika makundi yenye silaha.

Aliyeondoka alipewa dola 110 za Marekani kwa ajili ya safari na siku za mwanzo, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Malipo yalifanywa kwa mfumo wa simu za mkononi, jambo lililokuwa geni kabisa wakati huo, kwa kuwa katika maeneo makubwa ya nchi hapakuwa na benki wala barabara. Kama njia ya kufikisha fedha, mfumo huo ulikuwa hatua kubwa. Kama mpango wa makazi, haukutosha. Dola 25 zilimsaidia mtu kula na kuchangia katika nyumba ya mwenyeji wake. Mwezi wa kumi na tatu ulipofika, mwenyeji aliendelea kuwa na mgeni lakini mgeni hakuwa tena na mchango.

Mwaka 2013 ulileta fundisho chungu zaidi. Wapiganaji waliojisalimisha mashariki mwa nchi, pamoja na wake na watoto wao, walisafirishwa hadi kambi ya Kotakoli, katika eneo la mbali la mkoa wa Équateur wa wakati huo. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti Oktoba 2014 kwamba zaidi ya watu 100 kambini humo walikuwa wamekufa kwa njaa na magonjwa. Hawakufa vitani. Walikufa wakisubiri kurudishwa uraiani. Habari za namna hiyo hufika msituni upesi, na kila anayefikiria kujisalimisha huzipima.

Mpango wa sasa, ulioanzishwa kwa amri ya rais ya Julai 2021, umebadili mwelekeo. Badala ya kuwaweka watu kambini kwa muda mrefu, unakusudia kuwarudisha moja kwa moja katika jamii zao na kuziimarisha jamii hizo kwa wakati mmoja. Utekelezaji wake umekwenda sambamba na vita vilivyoendelea mashariki, na ni vigumu kumwomba mtu ajenge nyumba katika kijiji ambacho wiki ijayo huenda kikashambuliwa.

Msumbiji: benki ya karibu na pensheni iliyochelewa

Mkataba wa Roma wa Oktoba 1992 ulimaliza vita vya miaka 16 kati ya serikali ya Frelimo na Renamo. Chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, askari wapatao 90,000 wa pande zote mbili waliandikishwa. Jeshi jipya lilipangwa kuwa na watu 30,000, lakini walioamua kujiunga nalo walikuwa takriban 12,000 tu. Waliobaki walitaka kwenda nyumbani.

Walisafirishwa pamoja na familia zao hadi wilaya walizozitaja wenyewe, na wakalipwa kwa miaka miwili. Fedha zilichukuliwa katika tawi la benki la wilaya ambayo mtu amechagua kuishi. Uamuzi huo mdogo ulikuwa na nguvu: aliyehamahama hakupata malipo, na aliyetulia alipata. Vita vilikuwa vimewaondoa watu mashambani, hivyo katika maeneo mengi ardhi ilikuwapo, na wakubwa wa mila waliwapokea vijana wao kwa taratibu za utakaso zilizowaruhusu kuanza upya bila kuhojiwa kila siku.

Hata hivyo, sehemu ya wapiganaji wa Renamo walibaki na silaha zao, na mapigano yakazuka tena mwaka 2013. Mkataba wa Maputo wa Agosti 2019, uliosainiwa na Rais Filipe Nyusi na kiongozi wa Renamo Ossufo Momade, uliwahusu wapiganaji 5,221, wakiwemo wanawake 257. Kambi ya mwisho, Vunduzi katika wilaya ya Gorongosa, ilifungwa Juni 2023. Kilichochelewesha kufungwa kwake kilikuwa pensheni. Wapiganaji, wengi wao wakiwa wamezeeka, walitaka kujua watakula nini wakishatoka, na hawakuridhika na ahadi isiyo na sheria nyuma yake.

Kenya: deni la miaka 60

Kisa cha Kenya ni cha zamani zaidi na kinaonyesha kinachotokea suala la makazi likiachwa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 kutokana na harakati za Mau Mau, ambazo chimbuko lake lilikuwa ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Wakati wapiganaji wakiwa msituni au kizuizini, zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya kati walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, na mashamba yakapimwa upya na kusajiliwa. Aliyekuwa kifungoni hakuwa na wa kumsemea siku ya kupima. Baadhi walitoka na kukuta shamba lina jina la mtu mwingine, na hati yake ni halali.

Kuanzia mwaka 1962 mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa walowezi uliwapatia ardhi familia zipatazo 35,000. Lakini ardhi hiyo ilitolewa kwa mkopo uliopaswa kulipwa, na mpiganaji aliyetoka msituni mikono mitupu hakuwa mteja aliyependelewa. Mau Mau wenyewe walibaki kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003, kwa hiyo kwa miaka 40 baada ya uhuru hawakuweza hata kusajili chama cha kuwatetea.

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Malipo hayo yalikuwa fidia ya mateso, si ya ardhi, na wengi wa waliolipwa walikuwa wazee waliopita miaka 70. Kwa askari wa jeshi la kisasa la Kenya, bunge lilipitisha mwaka 2022 sheria inayohusu ustawi wa wanajeshi wastaafu na usajili wao. Sheria hiyo ni ya wenye kumbukumbu za utumishi. Mzee wa msituni hana namba ya jeshi.

Nini kimeonekana kufanya kazi?

Kati ya mwaka 2002 na 2009 Benki ya Dunia na wafadhili wengine waliendesha mpango wa pamoja katika nchi saba za ukanda wa Maziwa Makuu na Afrika ya Kati, zikiwemo Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, uliokadiriwa kugharimu dola milioni 500 na kuwafikia wapiganaji karibu 300,000. Ukichanganya uzoefu huo na ule wa Msumbiji na Kenya, mambo kadhaa hujirudia.

Kitambulisho hutangulia nyumba. Bila karatasi inayoonyesha kwamba mtu ameachiwa kihalali, hawezi kupanga, kufungua akaunti, kutibiwa wala kudai urithi, na kila askari wa doria anaweza kumkamata.

Malipo ya awamu hushinda malipo ya mkupuo, mradi yafike kwa tarehe. Fedha nyingi za siku moja huvutia wadai, ndugu na marafiki wapya. Fedha ndogo ya kila mwezi humlipia mtu kodi huku akijenga.

Jina la mke liwe kwenye hati. Mahali ambapo nyumba au kiwanja huandikwa kwa jina la mume peke yake, kifo chake au talaka huzalisha familia nyingine isiyo na makazi.

Kigezo kisiwe bunduki pekee. Mipango iliyomtaka kila mtu akabidhi silaha ili aandikishwe iliwaacha nje wapishi, wapagazi, wauguzi na wake wa kulazimishwa, ambao wengi wao ni wanawake na watoto.

Jamii inayopokea nayo ipate kitu. Kisima, zahanati au darasa vinavyowafaa wote hupunguza manung'uniko kwamba aliyeua amezawadiwa na aliyeuliwa amesahauliwa.

Na mwisho, afya ya akili si anasa. Mtu huweza kupewa paa kwa siku moja, lakini kuishi chini yake na familia kwa amani huhitaji mshauri anayerudi mara kwa mara, kikundi cha wenzake, na zahanati yenye dawa. Hili ndilo eneo ambalo bajeti za nchi zote zilizotajwa zimekuwa finyu kuliko mengine.

Tarehe muhimu

1952: Hali ya hatari yatangazwa Kenya.
1962: Mpango wa ekari milioni moja waanza Kenya.
1992: Mkataba wa Roma kuhusu Msumbiji, Uganda yaanza kupunguza jeshi.
1997: Rwanda yaunda tume ya kuwaondoa wapiganaji jeshini.
2000: Mkataba wa Arusha kuhusu Burundi, Sheria ya Msamaha Uganda.
2003: CONADER yaundwa Kongo, marufuku ya Mau Mau yaondolewa Kenya.
2006: Burundi yaunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine.
2007: Rwanda yapitisha sheria ya kuwalinda walemavu wa vita.
2013: Uingereza yakubali kuwalipa Wakenya 5,228.
2019: Mkataba wa Maputo wasainiwa.
2021: Kongo yaanzisha mpango mpya wa kuwarudisha wapiganaji katika jamii.
2023: Kambi ya mwisho ya Renamo yafungwa Vunduzi.